Makochi ya Nyumba Ambayo Haikujengwa

Mumbua mwanangu,

Nisamehe kwa kuchelewa kukujibu. Barua yako uliiandika ukiwa darasa la pili kule Kanyangi, kwa penseli butu, na kesho unaondoka ukiwa mwanamke wa miaka kumi na tisa mwenye mtoto wake. Sina la kujitetea. Karatasi nilikuwa nayo, stempu pia, na posta ya Migwani si mbali na mlango wetu. Nilikosa uso wa kukujibu.

Ukirudi jioni kutoka kuliaga kaburi la susu, nyanya yako, utaona vumbi la mbao limejaa mlangoni na makochi hayapo. Usiseme tumeibiwa. Fundi Muthiani alikuja asubuhi, wewe na mdogo wako Kyalo mmetoka tu kupanda basi, akaja na msumeno wake, na tumeyakata yote matatu pale uani. Mimi nilishika mbao, yeye akakata. Najua utapiga kelele. Piga, majirani wa ploti hii wamezoea kelele zetu. Lakini soma kwanza mpaka mwisho, ndipo ugombe.

Lori la vitunguu litakuja alfajiri kama ulivyopatana na dereva. Nimeshamwambia mzigo umepungua. Atabeba sanduku lako, godoro, jiko na masufuria. Atabeba na mwanao Mwende. Nguo zake nimezifunga kwenye leso ile ya kijani, na kikombe chake kimo ndani.

Unakumbuka maneno yako ya Jumapili iliyopita? Labda hukumbuki, kwa sababu uliyasema ukikwangua ukoko wa ugali, kama mtu anayesema mvua imekataa kunyesha. Nilikuuliza, "Na Mwende?"

Ukaniambia, "Abaki na wewe kidogo, mpaka nipate chumba kikubwa. Futi kumi kwa kumi, Mama Kyalo. Nikiweka makochi na kitanda, mtoto atakaa wapi?"

Nikasema, "Atalia."

"Atazoea," ukasema. "Kwani mimi sikuzoea?"

Ukaendelea kukwangua. Hukuwa na hasira hata kidogo. Ungekuwa na hasira ningejua la kukujibu. Nilitoka nikaenda kusimama kwenye kamba ya nguo nikijifanya naanua, na hapakuwa na nguo hata moja.

Sitakuandikia mambo ya kupika wala kufua. Hayo susu alikufundisha, na alikufundisha vizuri kuliko ambavyo ningeweza mimi. Mambo ya wanaume pia naruka, sina ushauri. Wewe ulizaa ukiwa na miaka kumi na sita, na mimi nilikuzaa nikiwa na hiyo hiyo. Ninachokijua kwa hakika, nilichokisomea kwa uchungu mwingi, ni kitu kimoja tu. Ni makochi na chumba kidogo. Utacheka. Nilipoanza kuandika hata mimi nilitaka kucheka.

Mwaka ule tulikuwa na chumba kimoja hapa hapa Migwani, kile cha mwisho karibu na ukuta ambacho siku hizi kinawekwa mahindi. Baba yako alikuwa kwenye kazi ya barabara huko Emali na alikuja mwisho wa mwezi. Wewe ulikuwa na miaka sita, Kyalo alikuwa ananyonya. Mle ndani tulikuwa na kitanda, pazia, meza, viti viwili vya miguu mitatu, pipa la maji, na gunia lako la nyasi ulilolalia. Mchana tulilikunja gunia tukalisukuma chini ya kitanda, na chumba kikawa uwanja. Kyalo alijifunza kutambaa mle ndani bila kugonga kichwa. Hicho chumba kilikuwa kizuri, Mumbua, na sikukijua. Nilikiona kama aibu.

Aibu yenyewe ililetwa na mwethya wetu, kikundi cha wanawake cha kusaidiana kazi. Wakati wa kuchimba matuta tulikuwa wanawake kumi na wawili, leo shamba la huyu, kesho la yule. Matuta yakiisha tulitembeleana, kila mwezi nyumba moja, tukimpelekea mwenyewe vikombe au sahani. Zamani tulikaa nje juu ya mikeka, tunasuka vyondo huku tunacheka, na hakuna aliyejua ndani kwako kuna nini. Kisha Mama Ndinda akanunua makochi. Zamu yake ilipofika akatuambia, "Leo hatukai kwa mchanga kama kuku. Karibuni ndani." Tukaingia. Makochi yana vitambaa vyeupe vya kufuma, kila mkono na kitambaa chake. Mwenzetu mmoja aliogopa kuegemea. Wakati wa kutoka Mama Ndinda akanishika bega mbele ya wote.

"Mama Kyalo, mwezi wa tatu ni kwako. Sisi tunakuja. Au kwako tutakaa kwa zamu, wawili wawili?"

Walicheka, na mimi nilicheka zaidi yao. Kesho yake nilikuwa kwa Fundi Muthiani.

Sasa sikiliza kosa langu, kwa sababu ndilo ulilokuwa unataka kulibeba kesho kwenye lori. Fundi aliniuliza swali ambalo fundi mzuri huuliza. "Sebule yako ni futi ngapi?"

Ningemwambia ni chumba kimoja. Ningesema, njoo uone. Lakini baba yako alikuwa amechora nyumba. Si kwenye karatasi. Aliichora ardhini na kijiti, kwenye lile shamba alilogawiwa na baba yake, akaweka jiwe kila pembe. Jumapili akija tulikuwa tunaenda kusimama ndani ya yale mawe. Anasema, "Hapa ni jikoni. Wewe toka hapo, umesimama ukutani." Tunacheka. Sebule aliipa futi kumi na nne kwa kumi na sita. Basi fundi aliponiuliza, nikamtajia ile ya mawe.

"Nyumba kubwa," fundi akasema.

"Ndiyo."

"Ya bati?"

"Bati na simiti."

"Nije nipime mlango?"

"Mlango ni mkubwa," nikasema. "Wewe tengeneza."

Akatengeneza makochi ya sebule hiyo. Moja refu la watu watatu na mawili ya mtu mmoja, mbao za mukau zisizoliwa na mchwa, na mikono mipana kila upande, mipana kama sahani. Niliagiza hiyo mikono mwenyewe, ili mgeni aweke kikombe bila kuinama. Baadaye, nilipokuwa nimebaki na wakati mwingi wa kufikiri, niliipima. Mikono ilikuwa sita. Ukiiunganisha upande kwa upande inapata upana wa mtoto aliyelala pamoja na godoro lake. Nilikuwa nimewapa vikombe vya wageni mahali pa mtoto, na siku niliyokuwa naagiza sikujua kwamba ninachagua.

Siku yanaletwa kwa gari la ng'ombe, ploti nzima ilitoka nje. Lile refu lilifika mlangoni likakataa. Wakaligeuza ubavu, likakataa. Wakalisimamisha kama mtu, likaingia kichwa na mabega likakwama.

"Litoe paa uliingize kwa juu!" mmoja akapiga kelele.

"Nyumba ya hii kochi iko wapi? Hii ni ya kiatu kimoja."

"Mama Kyalo, kaa nalo hapo nje, sisi tutakuletea uji."

Fundi Muthiani akaniita pembeni, akasema kwa sauti ya chini, "Mama, uliniambia nyumba kubwa. Sasa nikate mikono? Nikikata mikono litapita."

Mumbua, nilikuwa na miaka ishirini na miwili na watu wote wananiangalia. Nikamwambia, "Kata nyumba. Kochi usikate."

Wakang'oa fremu ya mlango. Makochi yakaingia, fremu ikarudishwa na misumari mipya, na tangu siku hiyo ule mlango ulifunguka nusu tu, kwa sababu kiti kimoja kilikuwa nyuma yake. Kila mtu aliingia ubavu. Magoti ya anayekaa huku yaligusa magoti ya anayekaa kule. Meza ikapanda juu ya kitanda mchana na kushuka usiku. Na wewe uliingia ukaruka juu ya lile refu, ukalala chali, ukanyoosha miguu, ukaniambia, "Mama, hii ni yangu ya kulala?" Nikakwambia ndiyo. Gunia lako la nyasi nikalichoma.

Ulilala juu yake siku nne. Siku ya tano ndiyo ilikuwa zamu yangu ya wageni, na ile asubuhi ulikuwa umekojoa. Ulikuwa mtoto, na usiku kulikuwa na baridi. Niligeuza mto upande wa pili, nikamwaga maji ya sabuni, nikatandika kitambaa. Wakaja. Joto la mchana, watu kumi na mmoja ndani ya chumba kile, mlango umefunguka nusu. Harufu ikaanza kupanda. Mama Ndinda alikuwa amekaa katikati ya lile refu, na alipoinuka akapitisha mkono nyuma ya rinda lake, akaunusa. Akanusa mbele yetu. Kisha akaniangalia akasema kwa upole kabisa, "Kochi ni zuri. Lakini naona lina mwenyewe."

Wakaondoka, nikakupiga. Nilikupiga kwa mwiko mpaka ukavunjika, halafu nikaendelea na mkono. Ulikuwa umejibanza kati ya mgongo wa kochi na pazia, na kwa sababu nafasi ilikuwa ndogo sikuweza kuinua mkono vizuri, na hilo likanitia hasira zaidi. Nakuandikia hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Mwiko unaukumbuka, nafikiri. Ulinitajia mara moja ukiwa na hasira, nikakwambia unaota.

Linalofuata sijui kama unalikumbuka.

Siku ya pili yake niliamua kwamba juu ya kochi hulali tena, utalala pale pale nyuma yake. Nilikuwa nasuka kyondo. Nikachukua uzi wa mkonge niliokuwa nausokota, nikapima ile nafasi kutoka ukutani mpaka kwenye pipa la maji, nikafunga fundo. Kisha nikakuita.

"Lala chini. Nyooka."

Ukalala sakafuni mlangoni ukanyooka, mikono ubavuni, macho yako yananiangalia. Nikaweka uzi kwenye utosi wako nikauvuta mpaka kisiginoni.

Ukauliza, "Mama, ni rinda?"

Kwa sababu mara zote nilizowahi kukupima zilikuwa za rinda. Nikasema, "Ndiyo. Ni rinda. Usitingishike."

Kisigino chako kilipita fundo kwa kiganja kimoja. Nilikuwa nimepiga magoti pale, nimeshika uzi, na nikafikiria mambo haya kwa utulivu. Nilifikiria pipa. Likisogea, mlango hautafunguka kabisa. Nilifikiria viti vile viwili vya mtu mmoja. Kimoja kikitoka, wageni watauliza kiko wapi. Nilifikiria hata Kyalo, na nikaona yeye ni mfupi, yeye atatosha. Nilipitia kila kitu cha nyumba ile kimoja kimoja, na kilichobaki kutoka kilikuwa wewe.

Kiganja kimoja, Mumbua. Nimeweka kiganja changu hapa kwenye karatasi nakiangalia. Ni kidogo hivi.

Jumamosi tukapanda basi mpaka Kitui, tukabadilisha tukaenda Kanyangi kwa mama yangu. Njiani uliniuliza mara mbili rinda litakuwa la rangi gani. Nikasema la manjano. Tulipofika, susu yako aliangalia kifurushi chako, akaniangalia, akakutuma ili usisikie, ukaenda kuona vitoto vya mbuzi.

"Amekukosea nini?" akaniuliza.

"Hajakosa. Nyumba ni ndogo."

"Nyumba ilikuwa ndogo hata alipozaliwa."

"Mama, ni kwa muda."

"Muda gani? Nitajie, nimwambie akiuliza."

Nikaondoka ukiwa bado kwa mbuzi. Nilipita nyuma ya ghala ili usinione, nikatembea haraka, na nilipofika barabarani nilikuwa natembea kama mwizi. Susu aliniambia miaka mingi baadaye kwamba ulikaa kizingitini mpaka giza, ukikataa kuingia, ukisema mama ameenda kushona rinda na akirudi hatajua nyumba ni ipi.

Hayo ndiyo yaliyokupeleka Kanyangi. Susu hakukuomba. Siku hizi nakusikia ukiwaeleza watu, "Susu alinipenda akaniomba kwa mama." Hadithi hiyo nilikutungia mimi uliporudi, na uliichukua kwa mikono miwili, nikaona ni heri. Haikuwa heri. Ilifanya uamini kwamba mtoto akipelekwa kwa susu ni kwa kupendwa. Ndiyo maana unaweza kusema atazoea huku unakwangua sufuria.

Baada ya mwaka na kitu ikaja barua yako. Ilikuwa mistari michache, mwalimu alikuwa amekupigia mistari kwa rula. Naiandika hapa ilivyo.

*Mama hujambo. Mimi sijambo. Susu hajambo. Rinda imeisha? Mimi nimejua kulala nimejikunja sasa nitatosha. Njoo unipime tena. Mimi mtoto wako Mumbua.*

Niliisoma nimekaa kwenye lile kochi refu. Kisha nikapasua kitambaa mgongoni kwa wembe, nikaisukuma ndani kwenye nyuzi na majani, nikashona. Leo fundi alipokata mgongo ilianguka miguuni pake. Akaiokota, akaiangalia, akanipa. Anajua kusoma.

Utauliza kwa nini sikuja. Ningependa kukwambia nilikatazwa. Baba yako alikuulizia mwisho wa mwezi ule, nikamwambia uko kwa susu, akasema sawa, huko kuna maziwa. Hakuna aliyenikataza. Kyalo alilala kwenye nafasi yako nyuma ya kochi na akatosha mpaka akawa na miaka minane. Alipopita fundo naye, nilikodi chumba cha pili. Sikumpeleka Kanyangi. Nilikodi chumba. Na hata tulipokuwa na vyumba viwili, pale ambapo ningeweka kitanda chako niliweka kabati la vyombo, kwa sababu miaka ilikuwa imepita na sikujua nitakuambia nini nikikuleta. Kabati halikuuliza kitu.

Baba yako, yeye alijenga nyumba. Aliijenga Emali, na ndani yake akaweka mwanamke mwingine. Yale mawe bado yako shambani. Makochi yakabaki kwangu, ya sebule ambayo haipo.

Susu alipokufa ulikuja ukiwa na miaka kumi na minne, mrefu, na mkono wako umebeba kila kitu chako. Ulilala juu ya kochi refu na miguu yako ilining'inia upande wa pili juu ya ule mkono mpana. Asubuhi yake uliniamkia vizuri. Ukasema, "Umeamkaje, Mama Kyalo." Mwaitu, yaani mama, ulimwita susu, tangu zamani, na hilo jina ulimzika nalo. Mimi ni mama wa Kyalo. Sijawahi kukusahihisha. Mtu husahihisha kosa, na wewe hukukosea.

Sasa unaenda Mutomo, kazi ya jikoni hospitalini, na chumba nyuma ya maduka, na kitu kimoja tu ulichoniomba katika maisha yako tangu lile rinda ni makochi. Ulisema, "Watu wa kazi wakija, niwakalishe kitandani?" Mumbua, wakalishe kitandani. Wakalishe juu ya debe lililopinduliwa. Yule atakayenusa rinda lake ndani ya chumba chako hakuja kukuona.

Na usifikiri naongea hivi kwa sababu nachukia kiti kizuri. Nimejifunza makochi kuliko mtu yeyote wa mji huu. Chumba kidogo kinataka kitu kisicho na mikono, kilichoinuka, ili chini yake paingie sanduku na viatu na mtungi. Kinataka kitu kinachofanya kazi mbili, mchana watu wanakaa, usiku mtu analala. Meza inayofungwa ukutani kwa bawaba. Viti vifupi vinavyoingia chini ya meza vikalala humo kama vifaranga. Na kabla ya yote pima mlango, halafu pima watu wanaolala mle ndani, kila mmoja, ndipo upime kitu. Mimi nilianza na kitu.

Fundi anaziona mbao hizi bado nzima. Mukau haujaoza hata mahali pamoja. Ameziweka kwake, na amesema atakutengenezea benchi refu lenye kifuniko, ndani ni sanduku la blanketi, juu ni godoro jembamba, nalo ndilo kitanda cha Mwende. Kwako ataweka kitanda cha kawaida kilichoinuka. Ameniuliza, "Chumba ni futi ngapi?" Nikamwambia sijui. Miaka kumi na tatu, ndiyo mara ya kwanza namjibu ukweli huyo mzee. Akasema, "Basi safari hii tungoje tujue."

Ukitaka kumwacha Mwende hata baada ya haya, siwezi kukufunga naye kwa kamba. Nitamlea. Atakula, atasoma, sitampiga. Lakini sitamwambia kwamba nilimwomba kwako. Akikaa kizingitini akiniuliza, nitamwambia mama yake alikuwa na chumba, na chumba kilikuwa na mahali pa wageni. Nitamwambia siku hiyo hiyo, sitangoja aandike barua. Najua ni maneno makali. Ni afadhali ulie leo na lori halijafika.

Mwende ameamka, naandika yeye yuko hapa miguuni anacheza na vumbi la mbao. Ameuliza kochi limeenda wapi. Nimesema limeenda kuwa kitanda. Amesema, "Changu?" Nimesema ngoja mama yako aje.

Nimechoka, mkono unauma, na sina kubwa lingine la kukufunza. Lakini kuna vitu nahitaji unitumie kutoka Mutomo, na usikawie kama mimi. Nimekuwekea mzingo wa uzi wa mkonge ndani ya kikombe cha Mwende. Ukishapima, mpe dereva wa lori vipimo akirudi wiki ijayo, au tia posta. Juu ya bahasha andika jina langu lile unalotaka kuniita.

Nitumie uzi mmoja wa upana wa mlango, ulioupima mwenyewe, mlango ukiwa wazi kabisa.

Uzi wa ukuta wa dirisha, kona mpaka kona, na fundo pale dirisha linapoanza.

Uzi wa ukuta ule mwingine.

Kijiti cha urefu kutoka sakafuni mpaka chini ya dirisha, ili benchi lisimzibie upepo.

Na uzi wa Mwende. Ningeweza kumpima mimi sasa hivi, yuko hapa, angelala chini nikimwambia. Sitampima. Mkono huu ulishapima mtoto. Mpime wewe, mkifika, ndani ya chumba chenu, utosini mpaka kisiginoni, na ukimaliza ongeza viganja viwili vya kukua ndipo ufunge fundo. Akikuuliza ni rinda, mwambie ni kitanda. Na umpime akiwa amenyooka.